KEITH GREEN: MWIMBAJI ALIYEONDOA BEI KWENYE NYIMBO ZAKE



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha tena kwenye ukurasa huu wa maisha ya watu waliomtumikia kabla yetu. Safari hii nimemchagua mwimbaji mmoja wa Marekani aitwaye Keith Green, aliyefariki mwaka 1982 akiwa na umri wa miaka 28 tu. Vijana wengi wa kwaya zetu walikuwa hawajazaliwa. Lakini swali alilopambana nalo ndilo linalowasumbua wazee wa kanisa na vijana wetu siku hizi: wimbo wa Mungu uuzwe, au utolewe bure?

Nianze kwa kuungama jambo langu mwenyewe. Miaka ya nyuma, wakati CD zilipokuwa bado zinanunuliwa sana, kwaya yetu ilirekodi albamu katika studio moja hapa Kampala. Tulitoka studio na deni. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikatangaza bei ya CD. Baada ya ibada alinijia mama mmoja mjane, ambaye kijana wake anaimba sauti ya bezi katika albamu hiyo. Aliomba achukue CD moja, alipe mgao ukitoka. Nilimjibu kwamba deni la studio haliwezi kungoja mgao. Akaitika kwa heshima, akaenda zake. Nilifika nyumbani sina amani. Nilikuwa nimemzuia mama kusikia sauti ya mwanawe akimsifu Mungu, kwa sababu hana shilingi.

Usiku ule nilikumbuka somo moja la chuo cha Biblia kuhusu ndugu huyu Keith Green. Tangu hapo nimesoma maisha yake mara nyingi, na leo ninawashirikisha.

MTOTO WA PIANO

Keith Gordon Green alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1953 katika eneo la Brooklyn, mji wa New York, akakulia California upande wa magharibi wa Marekani. Alikuwa na asili ya Kiyahudi, lakini alilelewa katika dhehebu linaloitwa Christian Science. Muziki ulimjia mapema sana. Alipokuwa na miaka mitatu alipiga gitaa dogo la nyuzi nne, akiwa na mitano gitaa la kawaida, na akiwa na saba aliketi kwenye piano.

Mwaka 1965, akiwa na miaka 11, alikuwa ameshatunga nyimbo zipatazo 40, na kampuni kubwa ya kurekodi ya Decca ikamsainisha mkataba wa miaka mitano. Walitaka kumfanya nyota wa vijana. Magazeti yalimwandika, televisheni ikamwonyesha. Lakini umaarufu aliotarajiwa kuupata haukuja. Mtoto mwingine mwimbaji, Donny Osmond, alivuta macho ya watu, na Keith akasahaulika kabla hata ndevu hazijaota.

Wazazi, hapa tujifunze kidogo. Mtoto akifundishwa kwamba thamani yake ni kupigiwa makofi, siku makofi yakinyamaza atajiona si kitu.

KUPOTEA NA KUPATIKANA

Akiwa na miaka 15 Keith alitoroka nyumbani. Kwa miaka kadhaa alizunguka akitafuta amani katika dawa za kulevya na dini za mashariki. Siku moja dawa zilimpeleka pabaya, akaogopa sana, akaziacha. Katika safari hiyo alikutana na binti mtunzi wa nyimbo aitwaye Melody. Walifunga ndoa siku ya Krismasi mwaka 1973, wote wawili wakiwa bado wanatafuta. Mwaka 1975, kupitia mafundisho ya Biblia yaliyokuwa yakifanyika majumbani huko Los Angeles chini ya mchungaji Ken Gulliksen, walimpokea Yesu.

Hawakungoja kupata nyumba kubwa ndipo wawasaidie watu. Walianza kuwachukua watu kutoka barabarani na kuwaleta katika nyumba yao ndogo: waliokuwa watumwa wa dawa, wanawake waliokuwa wakijiuza, wasichana wenye mimba waliofukuzwa kwao, watu wasio na pa kulala. Nyumba ilipojaa walinunua ya jirani, kisha wakapanga nyingine tano, hadi watu kama 75 wakawa wanaishi pamoja nao. Sisi tuliolala watu kumi katika chumba kimoja kule Katwe au Nsambya tulipofika mara ya kwanza tunajua maana yake. Kuna foleni ya choo, kuna ugomvi wa sufuria, na mwenye nyumba analalamika. Mwaka 1977 wakaipa huduma hiyo jina la Last Days Ministries, yaani Huduma ya Siku za Mwisho.

ROKI NDANI YA KANISA

Ndugu msomaji, ili kuelewa yaliyofuata lazima tujue hali ya muziki wa Kikristo wakati huo. Mwisho wa miaka ya 1960 vijana wengi wa Marekani waliokuwa wameshindikana walianza kuokoka kwa wingi. Waliingia kanisani na nywele zao ndefu, na magitaa yao pia. Mwaka 1969 Larry Norman alitoa albamu iitwayo Upon This Rock chini ya kampuni ya Capitol, na wengi huihesabu kuwa albamu ya kwanza ya roki ya Kikristo. Wachungaji wengi walikasirika. Waliona ngoma na gitaa la umeme ni vya shetani. Wazee wetu nao walibishana hivyo hivyo gitaa na kinanda cha umeme vilipoingia katika kwaya zetu.

Kampuni za kuuza muziki huo zikazaliwa. Billy Ray Hearn, aliyekuwa ameanzisha lebo ya Myrrh mwaka 1972, alianzisha nyingine mwaka 1976 akaiita Sparrow, maana yake shomoro, yule ndege mdogo ambaye Bwana alisema haanguki chini bila Baba kujua. Keith alisaini mkataba na Sparrow. Mwaka 1977 ikatoka albamu yake ya kwanza ya wokovu, For Him Who Has Ears to Hear, na mwaka 1978 ikafuata No Compromise, jina lenye maana ya kutokukubali kuchanganya haki na dhambi. Jalada lake linaonyesha umati umeinama mbele ya mtawala anayepita, na mtu mmoja tu amesimama wima. Anayekumbuka habari za Mordekai katika kitabu cha Esta anaelewa bila kuelezwa.

Albamu hizo zilipendwa sana. Keith alipiga piano kwa nguvu kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua, na maneno yake hayakubembeleza. Aliwaambia Wakristo wenzake kwamba wamelala wakati watu wanapotea. Sasa angeweza kutulia na kula matunda ya kazi yake.

SWALI LA BEI

Hapo ndipo moyo wake uliposhindwa kutulia. Tufikirie jinsi biashara ya muziki ilivyofanya kazi. Kampuni inalipa studio, wapiga vyombo na mafundi wa mitambo. Inalipa kiwanda kinachochapa santuri na kaseti, kisha inazipeleka kwenye maduka. Kila mmoja anaongeza chake, na mwisho mnunuzi analipa vyote. Mwimbaji anapata fungu lake dogo. Hakuna wizi hapo, na Billy Ray Hearn hakuwa mtu mbaya. Lakini Keith aliwaza juu ya yule anayefika dukani mfuko ukiwa mtupu. Kama wimbo ni ujumbe wa wokovu, je, mlango wa ujumbe uwe na mlinzi anayedai pesa? Alikumbuka Bwana alivyowaagiza wanafunzi kwamba walichopokea bure wakitoe bure (Mathayo 10), na Isaya alivyowaita wasio na fedha waje wanunue na kula (Isaya 55).

Mwaka 1979 alimwendea Hearn akaomba aachiliwe kutoka katika mkataba. Hearn angeweza kumshtaki au kumbana. Alimwachilia. Nami napenda tumkumbuke ndugu huyo pia, maana kumwachia mtu anayekuletea faida ni imani ya namna yake.

Keith aliamua mambo mawili. Kwanza, hatatoza tena kiingilio katika mikutano yake ya uimbaji. Pili, albamu zake hazitakuwa na bei: mtu atatuma alichonacho, na asiye na kitu atatumiwa bure. Lakini studio haijui maneno ya imani, inadai pesa. Hivyo Keith na Melody waliweka nyumba yao rehani, wakaanzisha lebo yao wenyewe, Pretty Good Records. Kama mpango ungeshindwa, wangebaki wao na watoto wao bila nyumba.

ALBAMU YA MISRI

Albamu hiyo ilitoka mwaka 1980, jina lake So You Wanna Go Back to Egypt. Mwanamuziki mashuhuri Bob Dylan, ambaye naye alikuwa amemwamini Kristo miaka hiyo, alipiga kinanda cha mdomo katika wimbo mmoja.

Wimbo wenye jina la albamu umetoka Hesabu 11, pale wana wa Israeli walipochoka na mana wakaanza kulilia samaki, matango na vitunguu vya Misri. Keith aliuimba kwa utani, akiwaigiza wakilalamika kwamba ni mana asubuhi, mana mchana, mana jioni, hata wamekwisha mapishi yote. Nilipousikia mara ya kwanza nilicheka sana, maana nilifikiria mahindi na maharage ya kambini! Mama zetu wamejaribu mapishi yote, na watoto bado wanauliza kuna nini kingine.

Lakini hapa tuwe waangalifu. Kuna wahubiri waliowaumiza wakimbizi kwa kufananisha hamu ya nyumbani na hamu ya Misri. Kumkumbuka marehemu baba, shamba la mihogo, na kaburi lililobaki Kivu au Ituri, hiyo si dhambi. Yakobo aliomba azikwe kwa baba zake. Misri ni mahali pa utumwa: pombe uliyoiacha, kisasi ulichokisamehe, chuki ya kabila tuliyoizika mtoni tulipobatizwa. Huko ndiko Mungu hataki turudi, hata kama kulikuwa na samaki.

Sasa, je, mpango wa kutoa bila bei ulifaulu? Kufikia Mei 1982, albamu zaidi ya 200,000 zilikuwa zimetumwa, na kati ya hizo 61,000 zilitolewa bure kabisa. Piga hesabu, utaona kwamba ni kama tatu katika kila kumi. Maana yake kwa kila watu kumi, saba walituma chochote na watatu hawakutuma kitu. Wenye nacho waliwabeba wasio nacho, na hakuna aliyerudishwa mlangoni.

MTU MWENYE MAPUNGUFU

Nisimpambe kupita kiasi. Keith alikuwa mkali. Mwaka 1979 huduma ilihamia Texas, karibu na mji mdogo wa Lindale, kwenye ekari 40 ambazo baadaye zilifikia 140. Kutoka hapo walituma jarida lao kwa watu wengi sana. Katika jarida hilo aliandika makala makali dhidi ya Kanisa Katoliki ambayo yaliwaumiza waumini wengi. Sisi tunaoishi jirani na Wakatoliki kambini, tunaochota maji kwenye bomba moja na kuzikana, tunajua kwamba ukweli bila upole huvunja nyumba. Alikuwa kijana, mwenye moto mwingi na haraka nyingi.

SIKU YA AJALI

Jioni ya tarehe 28 Julai 1982 walikuwa na wageni huko Texas, familia ya wamisionari, mume na mke na watoto wao sita. Keith alitaka kuwaonyesha eneo la huduma kutoka angani. Huduma ilikuwa imekodi ndege ndogo aina ya Cessna 414. Waliingia watu 12: rubani, familia ile ya watu wanane, Keith, na watoto wake wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miwili. Ndege haikutengenezwa kubeba watu wengi kiasi hicho. Iliruka, na muda mfupi baadaye ikaanguka. Hakuna aliyepona.

Wachunguzi walikuta kwamba ndege ilizidishwa uzito, na mzigo ulikuwa umeelemea nyuma. Nyumbani Melody alibaki na binti wa mwaka mmoja, na mwingine alikuwa tumboni. Mtoto huyo alizaliwa Machi 1983, hakumwona baba yake kamwe.

Ndugu zangu, ninaandika haya kwa machozi, maana sisi tunayajua. Mwezi Machi 2014 mashua iliyokuwa imejaa kupita kiasi ilizama katika Ziwa Albert ikiwarudisha Congo ndugu zetu waliotoka kambi ya Kyangwali. Walikufa zaidi ya watu 100, wengi wao watoto. Walikuwa wanarudi nyumbani kwa furaha. Kumtumaini Mungu hakuondoi uzito wa mzigo. Mashua, lori, bodaboda yenye watoto wanne nyuma, vyote vina kipimo chake. Anayesema tumejaa, shukeni wengine, huyo hana upungufu wa imani. Analinda uhai ambao Mungu ameutoa.

KAZI ILIYOBAKI

Melody hakuacha huduma. Miezi michache tu kabla ya ajali ilikuwa imetoka albamu Songs for the Shepherd, yenye wimbo There Is a Redeemer, ambao Melody ndiye aliyeutunga. Leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi. Nyimbo nyingine za Keith zilizokuwa zimebaki zilitolewa baada ya kifo chake, na mikutano ya kumkumbuka ilifanyika katika miji mingi, vijana wakiitwa kwenda kupeleka Injili mataifa mengine. Mwaka 2001 jina lake liliandikwa katika orodha ya heshima ya waimbaji wa Injili wa Marekani.

NA SISI JE?

Nirudi kwenye CD zetu. Juma lililofuata niliomba msamaha mbele ya kanisa, nikamwomba na yule mama. Tuliweka CD juu ya meza karibu na mlango, na pembeni yake sanduku la sadaka bila bei. Nisiwadanganye. Kuna mtu alichukua nakala kumi akaenda kuziuza mjini. Deni la studio tulilimaliza kwa miezi mingi, si kwa juma moja, na mwenye studio alinipigia simu mara nyingi za aibu. Lakini kila nyumba iliyotaka ilipata wimbo. Yule mama alichukua yake, na baada ya majuma mawili nilimwona akitumbukiza noti ya shilingi elfu moja sandukuni, akidhani hakuna anayemwona.

Siku hizi nyimbo zinapita kwa simu na kwa flashi, na CD zimebaki makabatini. Lakini swali limerudi kwa mlango mwingine. Vijana wanaandaa uzinduzi wa albamu yao mpya na wameomba kuweka kiingilio. Wana haki ya kuuliza, maana wametumia nauli, wamelala njaa studio, na mpiga kinanda naye ana watoto. Mtenda kazi astahili ujira wake, hilo Biblia inalisema wazi. Wazee wamegawanyika, nami nimeombwa maoni.

Maoni yangu ni haya. Mlango uwe wazi kwa wote. Gharama zote zisomwe mbele ya watu, studio kiasi gani, vyombo kiasi gani, nauli kiasi gani, ili anayetoa ajue anabeba nini. Sadaka ya siku hiyo iende kwa deni na kwa wapiga vyombo kwanza, kabla ya mchungaji na kabla ya wageni rasmi. Na kama itapungua, sisi wazee tuliopitisha mpango huu tutoe kilichobaki mifukoni mwetu, tusiwaachie vijana. Keith Green hakuwaambia wengine watoe bure huku yeye akilala salama. Aliweka nyumba yake kwanza.

Maswali ya kujadiliana katika ibada ya nyumbani:

1. Someni Hesabu 11:4-6. Katika maisha yenu, Misri ni nini, na nyumbani ni wapi?
2. Je, kuna mtu katika kanisa letu anayekosa kushiriki jambo fulani kwa sababu ya fedha? Nani anaweza kumbeba?
3. Ni wapi tunabeba mzigo kupita kipimo na kuita hiyo imani?

Mungu awabariki, awalinde katika makazi yenu kambini na hapa mjini. Tuombeane.

Ni mimi mchungaji wenu, mkimbizi pamoja nanyi.